Albamu Zilizokwama Njiani

Albamu nyingi nzuri za roki na pop hazikukataliwa na wasikilizaji. Hazikuwafikia. Kampuni iliyumba wakati santuri zinatakiwa madukani, au bendi ilivunjika kabla wino wa jalada haujakauka, au mkubwa fulani ofisini alichagua wimbo usiofaa kupelekwa redioni. Miaka ikapita, watu wakaamua kwamba kama kazi ile ingekuwa nzuri ingejulikana. Wazo hilo ndilo ninalokuomba uliweke kando, kwa sababu linakunyima muziki mwingi ambao leo unaupata kwa bando la siku moja.

Kwa hiyo mtu akikusifia albamu iliyosahaulika, muulize kwanza: ilisahaulika kwa nini? Jibu likiwa nje ya muziki wenyewe, itafute. Jibu likiwa kwamba redio ziliipiga, watu wakaisikia na bado hawakuipenda, unaweza kuiacha ikapita. Kuadimika peke yake hakuifanyi kazi iwe nzuri. Zipo santuri zinazogombewa minadani kwa fedha nyingi, na ndani yake kuna nyimbo mbili za maana, zilizobaki ni za kujazia.

Chukua Big Star, vijana wanne wa Memphis, Marekani. Mwimbaji wao, Alex Chilton, alikuwa ameshaonja umaarufu: mwaka 1967, akiwa na miaka 16, aliimba "The Letter" na kundi la The Box Tops, na wimbo ukashika namba moja nchini mwao. Mwenzake, Chris Bell, alikuwa mtu wa studio, mpenzi wa kupanga sauti juu ya sauti kwenye mitambo ya studio ya Ardent. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1972 wakaipa jina la watu wanaojiamini, #1 Record. Wahakiki waliisifu sana. Shida ilikuwa usambazaji. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Stax, kampuni iliyojua kuuza soul ya kina Isaac Hayes lakini haikuwa na njia ya kuifikisha roki ya magitaa kwa wanunuzi wake. Na Stax ilipoingia mkataba na Columbia ili mambo yanyooke, yakaharibika zaidi. Msomaji aliziona sifa gazetini, akaenda dukani, akaambiwa haipo. Bell alijitoa kundini mwaka uleule, na Desemba 1978 akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 27.

Sasa sikiliza kilichokwama. "Thirteen" ni magitaa makavu na sauti za kuimba, hakuna ngoma hata moja, na ndani yake kuna haya yote ya mtoto wa miaka 13 anayetaka kumsindikiza msichana kutoka shule. Kisha nenda "The Ballad of El Goodo", usikilize sauti zinavyopandana kwenye kiitikio. Ukitoka hapo chukua albamu ya pili, Radio City ya 1974, ambayo ni kali zaidi na imelegezwa nati kidogo. Ile ya tatu, Third, iache mpaka utakapowazoea: ilirekodiwa 1974 na kuhifadhiwa mpaka 1978, na ni kazi ya mtu aliyekata tamaa. Ni nzuri mno, lakini ukianza nayo hutajua alichokuwa nacho kabla ya kukipoteza. Jihadhari pia na jambo moja dogo: albamu mbili za kwanza mara nyingi huuzwa zikiwa zimeunganishwa kama kazi moja. #1 Record ina nyimbo 12 na inaishia kwenye kipande kifupi kiitwacho "ST 100/6". Hapo simama, pumzika, halafu endelea siku nyingine.

Kama una muda wa albamu moja tu, nitakupeleka Uingereza, kwa The Zombies. Hawa walikuwa vijana wa St Albans waliopata umaarufu mapema, kisha ukafifia. Mwaka 1967 walipewa na kampuni ya CBS pauni 1,000 hivi za kurekodi albamu, fedha ndogo hata kwa wakati ule. Hawakuwa na uwezo wa kupoteza saa za studio, hivyo walifanya mazoezi mpaka kila kitu kikakaa kichwani, ndipo wakaingia Abbey Road, muda mfupi baada ya The Beatles kumaliza Sgt. Pepper mlemle. Walikuta mashine ya Mellotron imeachwa, kinanda kinachotoa sauti za fidla na filimbi zilizorekodiwa kwenye kanda, wakaitumia karibu kila mahali kwa sababu hawakuwa na fedha za kuajiri wapigaji fidla. Walipomaliza, kampuni ikataka pia mchanganyiko wa stereo, na bajeti ilikuwa imekwisha. Rod Argent na Chris White, waliotunga nyimbo, walilipa kwa fedha za mirabaha yao wenyewe.

Desemba 1967 kundi likavunjika. Albamu ilitoka Aprili 1968 bila bendi ya kuipigania. Colin Blunstone, mwenye sauti ile laini, alikwenda kufanya kazi kwenye ofisi ya bima. Marekani albamu isingetoka kabisa kama mwanamuziki Al Kooper asingewasihi wakubwa wa Columbia. Hata walipokubali, wimbo waliouchagua kutangulia redioni ulikuwa "Butcher's Tale", simulizi ya askari kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo White anaiimba kwa sauti inayotetemeka juu ya kinanda cha upepo. Ni wimbo mzito na wa kweli, lakini si wa kumvuta mtu anayepita. Baadaye wakajaribu "Time of the Season", na mwanzoni mwa 1969 ukafika namba tatu. Wakati huo Marekani kulikuwa na bendi bandia zinazozunguka majukwaani kwa jina la The Zombies, kwa kuwa bendi halisi haikuwepo tena.

Jina la albamu ni Odessey and Oracle. Mchoraji wa jalada alikosea tahajia ya neno la kwanza na kosa likabaki, kwa hiyo ukiitafuta iandike hivyohivyo. Wimbo wa kwanza, "Care of Cell 44", una furaha ya asubuhi ya sikukuu: piano inaruka, besi inatembea, sauti zinaitikiana. Usikilize maneno ndipo utagundua kwamba ni barua kwa mpenzi anayekaribia kutoka gerezani. Unaofuata, "A Rose for Emily", ni piano na sauti za watu tu, habari ya mwanamke aliyezeeka bila kupendwa. Nimewahi kuwapigia nyimbo hizo mbili watu wasiopenda roki hata kidogo, na hakuna aliyeomba nibadilishe.

Hapa nitaingiza ushauri wa vitendo, kwa sababu albamu hizi huharibiwa zaidi na namna tunavyozisikiliza kuliko na umri wake. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Albamu ya zama za santuri ina pande mbili, na aliyeipanga alijua wimbo gani ufungue upande na upi uufunge. Ukiuchanganya mpangilio huo umesikia nyimbo, hujasikia albamu. Baadhi ya huduma za muziki za bure hukuchanganyia bila kukuuliza. Ikiwa yako ni hivyo, panga nyimbo mwenyewe moja baada ya nyingine. Tahadhari na matoleo ya maadhimisho. Albamu ya nyimbo 12 huongezewa majaribio, maonyesho ya jukwaani na mahojiano mpaka inafika saa mbili, na msikilizaji mpya anachoka akidhani amechoshwa na albamu yenyewe. Tafuta orodha ya nyimbo za toleo la kwanza, ukifika wimbo wa mwisho wa orodha hiyo, zima.

Halafu kuna suala la mono na stereo. Rekodi nyingi za miaka ya 1960 ziliweka ngoma upande mmoja na sauti ya mwimbaji upande wa pili. Kama mnagawana visikilizi wewe na rafiki yako kwenye daladala, au kimoja kimekufa, unakosa nusu ya kazi bila kujua. Katika hali hiyo tafuta toleo la mono, ambalo kila sikio linapata kila kitu. Na usihukumu albamu yoyote kwa spika ya simu. Besi haitoki pale, na roki bila besi ni nusu ya habari.

Sasa njoo kwa mtu wetu wa nyumbani. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akasoma India, na familia yake ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Dunia inamjua kama Freddie Mercury. Wengi wetu tunamfahamu kwa "Bohemian Rhapsody" na nyimbo za viwanja vya mpira, na kuna makumbusho yake Shangani. Lakini waulize hata wanaovaa fulana yenye picha yake kama wamewahi kukaa na Queen II mwanzo hadi mwisho. Wachache watasema ndiyo.

Albamu hiyo ilitoka Machi 1974, na kwa mauzo haikuwa maskini, ilifika namba tano Uingereza. Kilichoizika ni albamu za Queen zilizofuata. Badala ya upande A na B ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe ni wa Brian May, isipokuwa wimbo mmoja wa mpiga ngoma Roger Taylor. Mweusi ni wa Mercury peke yake, nyimbo sita. Anza na huo Mweusi, vaa hedifoni, kaa chini. "Ogre Battle" inaanza kwa sauti zinazokwenda kinyumenyume, kisha gitaa linakamata na hakuna nafasi ya kupumua. Inayofuata imetokana na mchoro wa Richard Dadd, mchoraji wa Kiingereza aliyeufanya akiwa amefungiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mercury alikwenda kuutazama kwenye jumba la Tate, akaja kuuimba kiumbe kwa kiumbe, na sauti zinaruka kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. Ghafla vurugu inakatika. Inabaki piano na mtu mmoja anayeomboleza kwa dakika moja na kidogo, wimbo uitwao "Nevermore". Kabla hujazoea ukimya huo, "The March of the Black Queen" imeshaanza.

Wimbo huo ndio ninaotaka uusikilize mara nyingi. Unabadili mwendo kila unapodhani umeushika, unatoka kwenye ukali kwenda kwenye upole, kwaya ya sauti za watu walewale waliorekodiwa tena na tena inapanda na kuporomoka. "Bohemian Rhapsody" ilikuja mwaka uliofuata, 1975, na mbegu zake zote ziko hapa, zikiwa bado na miiba. Mtu aliyezaliwa Unguja aliyaandika haya, na albamu ilipotoka alikuwa na miaka 27. Inasikitisha kwamba redio zetu, zinazomkumbuka kila mwaka, hurudia nyimbo zake zilezile nne.

Msomaji anaweza kusema: Kiingereza cha nyimbo hizi kinanipita. Wazee wetu walicheza muziki wa Franco na Tabu Ley usiku kucha bila kujua Kilingala, na walijua vizuri wimbo gani ni wa huzuni na upi ni wa kejeli. Sikio hujifunza kabla ya akili. Jaribu utaratibu huu: mara ya kwanza iache albamu ipige ukiwa unaosha vyombo au unapiga pasi, usiipe alama yoyote. Mara ya pili kaa nayo bila simu mkononi. Mara ya tatu fungua maneno yake na usome wakati nyimbo zinapita. Baada ya hapo iache kabisa kwa wiki moja. Kama kuna kipande kinakurudia kichwani ukiwa njiani, albamu imeingia. Kama hakuna, umeitendea haki, iache bila kujilaumu.

Spirit of Eden ya Talk Talk inauhitaji utaratibu huo kuliko nyingine zote. Talk Talk walikuwa bendi ya pop ya Uingereza, wenye nyimbo za kucheza kama "It's My Life" ya 1984. Kampuni yao, EMI, ikawapa uhuru na fedha, na kiongozi wao Mark Hollis akaingia studio ya Wessex, London, kwenye jengo lililokuwa la kanisa, wakafanya kazi gizani kwa miezi. Wapigaji waliitwa mmoja mmoja, wakapiga wanachojisikia kwa muda mrefu, kisha Hollis na mwenzake Tim Friese-Greene wakachagua sekunde chache na kutupa zilizobaki. Kilichotoka 1988 kilikuwa nyimbo sita, dakika 41 hivi, tarumbeta inayonong'ona, ukimya mrefu, halafu harmonika inayopasuka kama mtu aliyeshindwa kujizuia. EMI hawakujua waipeleke wapi. Isikilize usiku wakati mtaa umetulia, na usiipandishe sauti mwanzoni, maana itajipandisha yenyewe. Mchana, na honi za bodaboda nje, haitakwambia chochote.

Bahati mbaya nyingine ni ya tarehe tu. The Kinks walitoa The Kinks Are the Village Green Preservation Society Uingereza tarehe 22 Novemba 1968, siku ileile The Beatles walipotoa albamu yao yenye jalada jeupe. Haikuingia kwenye chati. Ni nyimbo za Ray Davies kuhusu vijiji, picha za zamani na treni ya mwisho ya mvuke, na mtu yeyote aliyehamia mjini akaacha kwao atazielewa.

Ukitaka kuzitafuta nyingine mwenyewe, fuata majina madogo ya nyuma ya jalada: fundi mitambo, mtayarishaji, mpangaji wa fidla. Mfano, ukimpenda Nick Drake, Mwingereza aliyefariki 1974 akiwa na miaka 26 bila albamu zake tatu kuuzwa kwa maana, utaona aliyempangia sehemu kubwa ya fidla kwenye mbili za kwanza ni Robert Kirby na mtayarishaji ni Joe Boyd. Fuata majina hayo utafika kwa Vashti Bunyan na Just Another Diamond Day ya 1970, albamu ambayo haikusikika, mwenyewe akaacha muziki kwa miaka 30 hivi mpaka vijana walipoigundua, akarudi na nyingine mwaka 2005. Njia hii inakupeleka mbali kuliko orodha za albamu bora, ambazo huandikwa kwa kunakiliana.

Na majina hayo yasikukomeshe Ulaya. Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi, kina Hackney, waliopiga roki ya kasi katikati ya miaka ya 1970 wakajiita Death. Mkuu wa kampuni kubwa ya rekodi alitaka wabadili jina. David, kaka yao, alikataa, na sehemu kubwa ya kazi yao ikalala kwenye kanda mpaka 2009, yeye akiwa amekufa tangu 2000. Albamu inaitwa ...For the Whole World to See, nyimbo saba, chini ya nusu saa. Inunue.

Jirani zaidi ni Zambia. Miaka ya 1970 vijana wa Lusaka na miji ya shaba waliishika roki ya Hendrix na Rolling Stones wakaifanya yao. Rais Kenneth Kaunda alitaka redio ipige muziki wa Wazambia kwa asilimia 95, studio zikapata kazi, na ikazaliwa Zamrock. Kisha bei ya shaba ikaanguka, fedha za kununua santuri zikakosekana, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wanamuziki wengi. WITCH ndio bendi ya kuanza nayo, hasa Lazy Bones!! ya 1975: gitaa limepitishwa kwenye kifaa kinachokwaruza sauti mpaka linauma, huku ngoma zikicheza kwa ulaini wa kwetu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger, alikuja kuchimba vito kwa miaka mingi. Albamu zilipochapishwa upya alianza kualikwa kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Kununua toleo halali kulileta matokeo hayo; nakala ya kuiba isingempandisha mtu yeyote jukwaani. Baada ya WITCH tafuta Africa ya Amanaz, ya mwaka uleule, iliyo tulivu na yenye majonzi zaidi.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na Sunburst, kundi lililochanganya roki, soul na midundo ya kwetu kwa mtindo waliouita Kitoto, likiimba Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka 1976 huko Zambia, na kwa miaka karibu 40 ilikuwa vigumu kuipata hata katika jiji ilikotoka bendi yenyewe, mpaka kampuni ya Strut ya Uingereza ilipokusanya rekodi zao mwaka 2016. Anza na "Enzi za Utumwani".

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujafunga ukurasa huu, waulize wazee wako kama kuna santuri zilizobaki kabatini, za bendi za Dar, Nairobi, Mombasa, Lubumbashi au Lusaka. Zikiwepo, zisimamishe wima badala ya kuzilaza, ziondoe juani, na tafuta mwenye mashine nzuri akunakilie kabla ya mtu kuziuza kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Piga picha jalada mbele na nyuma, uyaandike majina yote ya wapigaji, hata la mpiga tumba. Nyingine hazikuchapishwa tena mahali popote, na nakala iliyoko kwenu huenda ndiyo itakayotumika siku kampuni itakapotaka kuitoa upya na kuwalipa waliobaki.